Muuguzi Anajibu: Shingo ilipinda, wakasema ni jini

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu ana miaka 22. Tangu kabla ya Ramadhani anaongea peke yake, halali, na redio kaizima akidai mtangazaji anamsema yeye. Hospitali walimpa dawa ya akili, haloperidoli. Siku ya tatu shingo ikapinda, macho yakageukia juu. Wazee wakasema jini kakasirika, dawa zikatupwa. Sasa yuko kwa mganga, kafungwa kamba mguuni. Nifanyeje?
Dada mtu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana.

Iliyompinda shingo ni dawa. Nimeuguza wagonjwa wa akili miaka mingi, na hali hiyo huwapata zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo za haloperidoli. Inatisha: kidevu kinavutwa begani, ulimi unakuwa mzito, naye anajua kila kinachompata. Lakini inatibika. Hupigwa sindano ya kulegeza misuli, na kwa kawaida nusu saa haiishi shingo imerudi. Kisha daktari humpunguzia dozi, humwongezea vidonge vya benzeksoli vya kuzuia kupinda huko, au humbadilishia dawa. Olanzapini, kwa mfano, haipindi shingo mara nyingi, ila huleta njaa na unene. Inaniuma kwamba hamkuambiwa haya mlipokabidhiwa dawa. Ikirudi, hasa akishindwa kumeza au kupumua, mkimbizeni hospitali hata usiku wa manane.

Jina la ugonjwa msilikimbilie. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Damu hupimwa ili kuondoa vingine vinavyofanana nayo, kama malaria iliyopanda kichwani, kaswende au sukari kushuka. Kama anavuta bangi, semeni. Daktari atauliza pia dalili zilianza lini na zimedumu muda gani, maana skizofrenia haitajwi kwa dalili za siku chache. Wewe uliyekaa naye ndiye mwenye majibu, yaandike kabla hujaenda.

Kamba ifunguliwe leo. Inachubua mguu, na inampa sababu ya kuamini kweli anawindwa. Dua siwakatazi, iendelee sambamba na dawa. Wazee usigombane nao. Mwombe mmoja wao mwenye kauli afuatane nanyi, amsikie daktari mwenyewe.

Kuhusu redio, usimbishie wala usimkubalie. Mwambie: "Mimi sisikii, ila naona unaogopa. Nipo hapa." Na dawa ikishamkubali, kama vidonge vinamshinda kumeza kila siku, ulizieni sindano ya kila mwezi.