Swali la Mbunge na Barabara Isiyojengwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mbunge wetu ameuliza bungeni mara tatu kuhusu barabara inayounganisha kata yetu na makao makuu ya wilaya. Kila mara Naibu Waziri amejibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na kwamba itajengwa kwa kiwango cha lami kulingana na upatikanaji wa fedha. Masika yakifika, wagonjwa wetu hubebwa kwa pikipiki hadi pale pikipiki nazo zinapokwama. Je, maswali haya yana faida gani kwetu wananchi?
Mwalimu mstaafu, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaliruhusu Bunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki hiyo ni ya kudai maelezo, wala haimpi mbunge hata shilingi moja ya kujengea. Fedha hupitishwa katika Mkutano wa Bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo swali la Novemba kuhusu barabara ambayo haimo katika bajeti inayotekelezwa haliwezi kuvuna zaidi ya ahadi.

Hata hivyo, ahadi hiyo huingia katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, nasi tunakushauri uisome kwa jicho la mwalimu anayesahihisha insha. "Serikali inatambua umuhimu" haina alama yoyote. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika" ina alama chache, maana michoro ipo ingawa mkandarasi hayupo. Jibu linalotaja kiasi kilichotengwa na mwaka wa fedha ndilo la kulishika, lakini hapo napo kutenga si kutoa, na mbunge makini atauliza papo hapo ni kiasi gani kimekwishatolewa hadi siku hiyo.

Nafasi ya kuuliza hivyo ni maswali mawili ya nyongeza anayopewa mwenye swali la msingi. Jibu la msingi huandaliwa na wataalamu wa wizara mapema, ilhali la nyongeza humlazimu Waziri kuonyesha kama analifahamu jambo lenyewe. Inasikitisha kwamba wabunge wengi hutumia moja ya nafasi hizo kuuliza kama Waziri yuko tayari kuongozana nao kwenda jimboni. Waziri husema yuko tayari, wenzake hupiga makofi mezani, na swali la fedha linabaki bila kuulizwa.

Jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja ni hadhi ya barabara hiyo. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, chini ya wizara inayohusika na ujenzi. Za wilaya ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017, na anayezijibia bungeni ni Waziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Iwapo yenu ni ya wilaya na mnataka ipandishwe hadhi iwe ya mkoa, maombi hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa kabla ya kumfikia Waziri wa Ujenzi. Mbunge ni mjumbe wa bodi hiyo, tena ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Mwulizeni katika mkutano wa hadhara kama suala la barabara yenu limewahi kufikishwa huko, kwa sababu kama halijafika, Waziri atazidi kumrudisha mkoani hata akiuliza mara ya nne.

SWALI: Kwa nini anayejibu mara nyingi ni Naibu Waziri, na je, mbunge asiporidhika hana la kufanya zaidi ya kukaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Naibu hujibu kwa niaba ya Waziri wake, na jibu lake ni jibu la Serikali. Kuhusu kutoridhika, silaha yenye makali zaidi hupatikana wakati wa bajeti ya wizara, Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia vifungu vya fedha kimoja kimoja. Kifungu cha mshahara wa Waziri kinapofikiwa, mbunge anaweza kutaka ufafanuzi, na asipouridhia akatoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Ndiko huku kunakoitwa kushika shilingi. Wenzake wakiunga mkono, hoja hujadiliwa na Waziri hulazimika kusimama tena. Mara nyingi shilingi hurudishwa jioni hiyo hiyo, lakini hurudishwa baada ya Waziri kueleza kwa kinaganaga kile ambacho asubuhi, katika kipindi cha maswali, kingepita kwa sentensi mbili.