Mnaotaka kuchora katuni, anzieni Mwaloni

Wadogo zangu mnaoniuliza kila siku nianzie wapi, ngoja niwaambie nilichokiona kwa miaka niliyochorea majarida na hii ninayofundisha vijana hapa Mwanza. Wengi mnakuja na daftari limejaa wahusika wa katuni za watu, Kipanya na Ndumilakuwili. Kukopi sio dhambi jamani, mi mwenyewe nimekua na jarida la Sani, Kipepe nilikuwa namchora mpaka mwalimu ananyang'anya daftari, ila hakuna mhariri atakayekulipa kwa mhusika wa mwenzio. Muangalie mchora katuni Gado, 1992 katoka Dar kaenda kuchorea gazeti la Nation kule Nairobi, mstari wake hata ufute sahihi utaujua tu.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu mpya nampeleka soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba asubuhi, anakaa pembeni anachora. Mtu aliyebeba gunia la dagaa shingo inazama, mabega yanapanda, vidole vya miguu vinang'ang'ania chini. Mama anayegoma kushusha bei ya sato hakuangalii usoni, anaendelea kupanga samaki wake, na mteja ambaye hela haitoshi utamjua kwa mgongo tu kabla hajafungua mdomo. Siku ya kwanza karibu wote wananiletea sura tupu, mikono wameificha mifukoni maana ni migumu, basi kesho yake nawarudisha, chora mikono tu. Ukishaijua mikono ndio utie chumvi, pua iwe kubwa unavyotaka.

Kingine, ukimaliza ziba maneno kwa kiganja. Kama mchoro umekufa hapo hapo, ujue umeandika barua ukaipamba.

Na chora kubwa, angalau mara moja na nusu ya nafasi utakayopewa, wino uwe mzito. Mi kuna katuni ya kivuko cha Kamanga niliikesha, abiria wote wana sura zao, ilivyopunguzwa ikaingie kwenye kona ya ukurasa mistari myembamba yote ikapotea, nikabaki naangalia doa.

Hela mkubaliane kabla hujashika kalamu, tena kwa maandishi hata ya meseji. Halafu peleka skani, karatasi yenyewe ibaki kwako, hili nawaomba sana. Kuna jarida niliwaachia michoro ya miaka miwili, likafungwa, na leo wanafunzi wakitaka kuona kazi zangu za wakati ule nawaonyesha vipande mama yangu alivyokuwa anakata na kuhifadhi kwenye Biblia yake.