Muulize Fundi: Sindano ya kabureta, namba 5 au namba 6?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari ya MGB ya 1965, injini ya 1798 cc, kabureta mbili za SU aina ya HS4. Hedi imechongwa, kemushafti imebadilishwa imewekwa kali kiasi, na ekzosti ni ya mabomba marefu. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) iko poa kabisa ila nikiwa mwendo wa kati gari inakatakata kama imenyimwa petroli. Nikishusha jeti (tundu linalopitisha petroli) kwa ile nati ya chini mwendo wa kati unapona, lakini sailensa inakuwa nzito (petroli nyingi mno), moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Sindano zilizomo ni namba 5 za kiwandani. Wenzangu wanasema weka namba 6 basi kazi imeisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Namba 6 kweli ndiyo iliyoandikwa kuwa nzito kwa gari yako, na 21 ndiyo nyepesi (petroli kidogo), lakini hayo majina yalipangwa kwa injini ya kiwandani na yako sio hiyo tena, kwahiyo usinunue jina, nunua vipimo.

Angalia SU inavyofanya kazi. Pistoni ya kabureta inapanda kadiri injini inavyovuta hewa, na inapanda na sindano yake, sindano ni nene juu nyembamba chini, kwahiyo ikipanda nafasi kwenye jeti inaongezeka na petroli inaongezeka. Kila kimo cha pistoni kina unene wake wa sindano. Unene huo unapimwa kila baada ya 1/8 ya inchi kuanzia begani (ukingo wa juu wa sindano) na watu wanaita hivyo vituo. Kwa makadirio vituo 3 vya kwanza ni sailensa, cha 4 mpaka cha 7 ni mwendo wa kawaida, kuanzia cha 8 ni pale unapokanyaga mpaka mwisho.

Nati ya jeti inashusha jeti kwa sindano nzima, haichagui kituo, ndio maana ukiponya katikati unaharibu sailensa. Dalili zako zinasema wazi, vituo vya mwanzo viko sawa, vya katikati vinahitaji kuwa vyembamba zaidi. Kwahiyo chukua jedwali la vipimo vya sindano, weka namba 5 pembeni, tafuta inayolingana nayo vituo vya mwanzo halafu inapungua unene kuanzia cha 4. Kama namba 6 inafanya hivyo iweke, kama imekonda kuanzia juu kabisa achana nayo maana utarudi kwenye moshi uleule.

Na usiruke hatua kubwa, hapa ndipo wengi wanaumia. Jeti yako ina kipenyo cha inchi 0.090. Mahali ambapo sindano ina unene wa 0.080 ukipunguza elfu moja tu ya inchi, yaani mm 0.025, nafasi ya petroli inaongezeka zaidi ya asilimia 9! Elfu hiyohiyo ukiipunguza kule chini ambako unene ni 0.060 unapata kama asilimia 2.6 tu. Hii pia ndio sababu sipendi kabisa watu wanaosugua sindano kwa msasa, mkono hauwezi kuhesabu hivyo, na wewe una kabureta mbili zinazotakiwa kufanana.

Kabla ya kununua chochote hakikisha taiming, nafasi za valvu na kimo cha petroli kwenye chemba ya boya viko sawa, na ekseli za throtoli hazivuti hewa pembeni, hiyo hewa ya wizi inafanana sana na sindano mbaya. Ukipata sensa ya oksijeni ya kufunga kwenye ekzosti ni bora zaidi, ukikanyaga mpaka mwisho tafuta hewa 12.5 mpaka 13 kwa petroli 1, mwendo wa kawaida 14 na kitu inatosha.

SWALI: Kwenye kufunga sindano kuna siri yoyote? Na springi za pistoni niziache?

JIBU: Sindano za gari yako ni zile zisizochezacheza, kwahiyo bega la sindano liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni, lisizame wala lisitokeze, kaza skrubu kwa kiasi. Halafu weka jeti katikati, inua pistoni kwa kidole uiachie, ishuke yenyewe mpaka chini igonge kwa mlio mkavu. Isipogonga sindano inasugua jeti, legeza upange upya. Sindano za kisasa zenye springi yake ndogo zinaegemea upande mmoja kwa makusudi, usizinyooshe.

Springi za pistoni ziache nyekundu zote mbili. Springi ngumu zaidi inashusha pistoni na kubadilisha mchanganyiko wote, na hapo hutajua tena ulichotibu ni sindano au springi. Oili ya juu ya kabureta weka SAE 20 kwanza. Gari ikisita tu pale unapokanyaga ghafla halafu inakaa sawa, hapo jaribu oili nzito kidogo kabla ya kugusa sindano.

Mwisho inua pistoni kama mm 0.8 injini ikiwa imepata moto: mzunguko wa injini ukipanda ukabaki juu ni nzito, ukitaka kuzima ni nyepesi, ukipanda kidogo ukarudi hapo hapo acha.