Maswali ya jikoni: kopo lililotoka Doha

Majuzi nilitaja kwa kupita tu kwamba kabatini kwangu hakukosekani kopo moja la nyama. Nilidhani mtanicheka. Kumbe mna makopo yenu, na mnayaulizia kwa sauti ya chini kama watu wanaoungama. Leo najibu hayo peke yake.

*Shikamoo Shangazi. Dada yangu amerudi kutoka kazini Doha na makopo sita ya ile nyama laini ya rangi ya waridi. Tuliikata vipande vinene, tukaikaanga kwa mafuta mengi, ikatoka kama sabuni iliyoloa. Yeye anaapa kwamba kule ilikuwa tamu. Tumekosea wapi? (Entebbe)*

Marahaba, mwanangu. Mafuta ndiyo yaliyowaponza. Nyama hiyo husagwa pamoja na mafuta yake, ikatiwa chumvi, sukari kidogo na wanga wa viazi, ikafungwa koponi, ndipo ikapikwa humo humo. Kwa hiyo imekwisha kuiva kabla hujaigusa. Kazi yako ni kuipa ukoko tu. Kata vipande vyembamba, visizidi unene wa kidole chako kidogo, vipanguse maji, vipange kwenye kikaangio kikavu juu ya moto wa wastani, halafu viache. Usivigeuzegeuze. Mafuta yatajitoa yenyewe, ukingo utapiga kahawia na kukakamaa. Hapo ndipo unageuza, mara moja tu.

Kisha muulize dada yako alikaa chumba kimoja na nani. Nabashiri alikuwamo Mfilipino. Wenzetu hao huukaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu, wakaweka yai juu na nyama ya kopo pembeni, na hicho ndicho kifungua kinywa. Zamani pilau ilitufikia na misafara ya pwani. Siku hizi mapishi yanashukia hapo hapo kwenu Entebbe, ndani ya sanduku la dada. Mimi wali nauacha, natumia gonja, ile ndizi ndefu ya kukaanga. Gonja mbivu iliyokaangwa, na kipande cha nyama hii juu yake: utamu na chumvi vinagombana mdomoni hadi sahani inaisha.

Chumvi usitie hata punje. Na kama mtanisikiliza mara moja tu leo, iwe hapa: nyama ya kopo ichukulieni kama kiungo, msiichukulie kama kitoweo. Anayempakulia mtu mmoja nusu kopo na posho (ugali) atailalamikia, na atakuwa na haki. Anayeikatakata vidogo vidogo ndani ya maharage, kabichi au dodo (mchicha) ya watu sita atasikia wakiuliza leo mama ametia nini.

*Shangazi, marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Mashariki, akapelekwa Burma. Alikuwa akitusimulia juu ya nyama ya kopo ya vitani. Ndiyo hii ya supamaketi? (Jinja)*

Swali hili nimelipenda. Hapana, ila ni binamu yake. Kikosi cha nne cha KAR, ndicho cha Uganda, kilipigana Burma mwaka 1944, na nyama ya kopo ya jeshi la Mwingereza ilikuwa ya ng'ombe: ile yenye nyuzinyuzi, iliyokolezwa chumvi, kwenye kopo la pembe nne linalofunguliwa kwa ufunguo wake. Hiyo ndiyo tuliyoizoea huku. Jirani zetu wa Kenya wanayo Kenya Meat Commission pale Athi River, iliyoanzishwa mwaka 1950, nayo imetengeneza nyama ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Hii laini ya waridi ni ya Mmarekani. Kampuni ya Hormel, ya mji wa Austin katika jimbo la Minnesota, ilianza kuiuza mwaka 1937 kwa jina la SPAM, ikitumia nyama ya bega la nguruwe ambayo wanunuzi hawakuikimbilia. Aliyebuni jina alizawadiwa dola 100. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi la Marekani likanunua takriban tani 68,000, na nyingine zikapelekwa kwa washirika wake. Khrushchev, aliyekuja kuitawala Urusi ya Kisovieti, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba bila nyama hiyo wasingeweza kulisha jeshi lao.

Tazama sasa ni wapi wanaipenda hadi leo. Hawaii wanaiweka juu ya tonge la wali na kuifunga kwa mwani. Korea Kusini wana mchuzi mkali uitwao budae jjigae, maana yake mchuzi wa kambi ya jeshi, uliozaliwa na njaa ya vita vya 1950 hadi 1953, na kwenye sikukuu ya mavuno watu hupelekeana makopo hayo kama zawadi, yamepangwa kwenye boksi zuri. Kisha Ufilipino, kisha Guam. Kila palipolala askari wa Marekani, jikoni pamebaki kopo. Kwetu alilala Mwingereza, kwa hiyo babu yako akasimulia nyama ya ng'ombe. Hii nyingine haikuletwa na jeshi lolote. Imeletwa na mabinti na vijana waliokwenda kutafuta riziki Ghuba.

*Asalaam aleikum. Je, sisi Waislamu tunaweza kuila? (Bombo)*

Waaleikum salaam. Soma kopo lote, hata maandishi madogo. Ile ya asili ni nguruwe, na ukiona kopo halitaji mnyama wake, liache dukani. Ziko za ng'ombe na za kuku zenye alama ya halali; makopo mengi yanayotoka Ghuba ni hayo. Angalia pia jelatini imetokana na nini. Ya kuku mara nyingi haina mafuta mengi, kwa hiyo hapo kijiko kimoja cha mafuta kikaangioni naruhusu.

*Kopo langu limevimba kidogo juu lakini tarehe bado. Nifungue? (Mbale)*

Tupa. Usilifungue wala usiionje "kidogo tu". Uvimbe huo ni hewa ya vijidudu, na tarehe haiwezi kubishana nao. Lililobonyea kwenye mshono au linalovuja nalo ni la kutupa.

*Mwanangu wa miaka saba anaitaka kila asubuhi. Nasikia inaleta saratani. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni? (Arua)*

Ni kweli, lakini isikie yote. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo kundi hilo hilo, ndiyo maana watu walishtuka, ila kundi linaeleza uhakika wa ushahidi, halisemi hatari zinalingana. Kipimo walichokitoa: kwa kila gramu 50 unazokula kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa karibu asilimia 18 juu ya ile uliyokuwa nayo. Neno la kushika ni "kila siku".

Mimi naiogopa zaidi chumvi. Kopo la kawaida la gramu 340 lina kama gramu 12 za chumvi, na WHO inataka mtu mzima asifikie hata gramu 5 kwa siku. Mtoto, pungufu ya hapo. Hesabu uifanye mwenyewe. Kila asubuhi, hapana. Mwambie ni ya Jumapili, na hata hiyo Jumapili iwe kipande kimoja.

*Kwa bei ya kopo moja si bora ninunue nyama buchani? (Masaka)*

Bora. Shilingi kwa shilingi bucha inashinda, sitakudanganya. Ila bucha haikungoji. Saa tatu usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika, makaa yamebaki kiganja kimoja, na shemeji amebisha hodi na watu wawili: hapo kopo linafanya kazi ambayo friji yako imeshindwa. Likishafunguliwa lakini, ni nyama kama nyama nyingine. Hamishia kwenye bakuli lenye mfuniko. Kwenye friji ni siku tatu au nne, bila friji imalize usiku huo huo.

*Shangazi, nauza rolex, yaani chapati iliyoviringiwa mayai, pale Wandegeya. Mteja mmoja aliniletea kopo lake nimwekee, sasa watatu wanataka. Nianze kuuza? (Kampala)*

Anza, lakini taratibu. Kipande kimoja kwa chapati moja, ukikate vidogo kama kitunguu, ukikaange kwanza pembeni ya sahani yako ya chuma mpaka kikauke, ndipo umimine mayai juu yake. Nyanya na kabichi ziwepo, kwa sababu nyama hii inahitaji kitu chenye maji na uchachu. Mayai yasitiwe chumvi. Mkono wako umezoea kuitia, utasahau mara tatu za kwanza. Na kama kopo ni la nguruwe, tafuta kikaangio kingine na mwiko mwingine, maana foleni yako ya asubuhi ina watu wa kila dini na hawatakuuliza.