Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Shamba Unapofutwa, Kinachopimwa ni Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Stockton, California. Marehemu mume wangu aliniachia ekari 46 za alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe, ambazo naye alizirithi kwa wazazi wake. Shamba lina mkataba wa hifadhi ya ardhi ya kilimo ambao baba mkwe alitiliana na kaunti zamani sana. Sasa kampuni moja inataka kulinunua ili ijenge bohari. Wakala wake ananiambia niombe kwanza mkataba ufutwe, kwa kuwa kufuta karatasi hakumgusi ndege wala mti, na kwamba tathmini ya mazingira itakuja baadaye, wakati wa kuomba kibali cha ujenzi. Shemeji yangu naye ananishauri niache kumwagilia, shamba lionekane limekufa. Ofisi ya mipango imenijibu kwamba ombi langu halitasikilizwa bila tathmini. Ni nani anayesema kweli, na gharama ni ya nani?
Mama Neema, Stockton

JIBU: Mama Neema, pole sana kwa msiba, na pole kwa kuachiwa mzigo wa makaratasi ukiwa bado una majonzi. Ofisi ya mipango imekueleza kweli. Wakala amekosea, na kosa lake laweza kukugharimu wewe kuliko yeye, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mkataba ulio nao unatokana na sheria ya California ya 1965 ya kuhifadhi ardhi, ambayo wengi huiita Sheria ya Williamson, kwa jina la mbunge John Williamson aliyeipeleka bungeni. Mwenye shamba hukubali kutolitumia kwa jambo jingine ila kilimo na shughuli zinazopatana nacho, na kaunti humtoza kodi kwa kutazama kile ambacho shamba laweza kuzalisha, si bei ambayo lingeuzwa sokoni. Muda wa mkataba ni miaka 10 kwa uchache, nao hujiongeza mwaka mmoja kila mwaka unapofika tarehe yake, hivyo mbele yako daima kuna miaka kumi hivi iliyobaki. Haukufa na baba mkwe wala na mumeo, kwa sababu umefungwa kwenye ardhi yenyewe, na kila anayeirithi au kuinunua huupokea pamoja nayo.

Kuna njia mbili za kutoka, na naona wakala amezichanganya. Ya kwanza ni kutoa notisi kwamba hutaki mkataba uhuishwe tena. Notisi hiyo hutolewa angalau siku 90 kabla ya tarehe ya mwaka ya mkataba, na kama tarehe yako ni 1 Januari, maana yake ni kabla ya mwanzo wa Oktoba. Baada ya hapo mkataba huendelea kwa miaka tisa huku kodi ikipanda kidogo kidogo mpaka unapokwisha wenyewe. Bodi ya Wasimamizi, yaani baraza la kuchaguliwa linaloiongoza kaunti, haiombwi ruhusa katika jambo hili, na kwa kuwa hakuna uamuzi wa serikali unaoombwa, hakuna pia cha kufanyiwa tathmini siku unapotoa notisi.

Njia ya pili ni kuomba mkataba ufutwe kabla ya wakati, na hiyo ndiyo wakala anayoitaka. Hapa Bodi ndiyo inayoamua, na uamuzi wake uko chini ya Sheria ya Ubora wa Mazingira ya California ya 1970. Kanuni za sheria hiyo zina orodha ya mambo yaliyosamehewa tathmini, na kundi la 17 katika orodha hiyo linahusu mikataba kama wako. Kuanzisha mkataba kumesamehewa, kuuhuisha kumesamehewa, lakini kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba kuufuta hakumo katika msamaha na kwa kawaida kutapitia tathmini. Aliyeiandika aliona tofauti ambayo wakala haioni: mkataba unapoingia, shamba hubaki shamba; unapotoka, kuna kitu kinakuja kukaa mahali pake.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Tathmini haiipimi karatasi, inapima kile kitakachosimama pale ambapo karatasi ilikuwa ikizuia. Sheria ya Williamson yenyewe inataka ombi la kufuta mkataba lifuatane na maelezo ya matumizi mahususi yatakayochukua nafasi ya kilimo. Huwezi kuomba ardhi ifunguliwe kwanza halafu ufikirie baadaye utaifanyia nini. Na Sheria ya Ubora wa Mazingira inasema mradi ni jambo zima tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo kuukata vipande ili kila kipande kionekane kidogo ni kosa ambalo mahakama imelitumia kubatilisha vibali vingi. Kwa shamba lako, mradi ni kufuta mkataba, kubadilisha mpango mkuu wa kaunti (waraka unaopanga kila eneo litumikeje) kama bado unaliandika eneo hilo kuwa la kilimo, kujenga bohari, na malori yatakayoingia na kutoka usiku na mchana, vyote ndani ya waraka mmoja. Waraka huo lazima ukamilike kabla Bodi haijapiga kura.

Kazi huanza na uchunguzi wa awali, ambamo ofisi ya mipango hupitia maswali kadhaa na kuangalia kama kuna athari kubwa. Orodha ya maswali inayotumika sana ina swali linalouliza waziwazi kama mradi unagongana na mkataba wa Williamson, na jingine linalouliza kama utageuza ardhi bora ya kilimo, kwa kufuata ramani za Idara ya Hifadhi ya jimbo, kuwa kitu kingine. Kwako maswali yote mawili yana uwezekano mkubwa wa kujibiwa ndiyo, kwa hiyo usitarajie tamko jepesi la kurasa chache. Jiandae kwa ripoti kamili ya athari kwa mazingira.

Ripoti ya namna hiyo huanza na tangazo ambalo watu hupewa siku 30 kulijibu, rasimu yake hukaa mbele ya umma kwa siku 45 inapohusu idara za jimbo, na kila hoja ya maana iliyoandikwa lazima ijibiwe kwa maandishi. Itazungumza juu ya udongo. Itazungumza juu ya maji ya visima, jambo zito katika Bonde la Kati tangu jimbo lilipopitisha sheria ya maji ya chini ya ardhi mwaka 2014, na juu ya hewa, ambayo katika Bonde la San Joaquin, sehemu ya kusini ya bonde hilo, ni mbaya hata kabla ya kuongeza malori. Na kwa kuwa unalima alfalfa, itazungumza juu ya mwewe wa Swainson, ndege anayekuja kuzaliana California wakati wa kiangazi na kurudi kusini hadi Argentina, na ambaye jimbo lilimworodhesha mwaka 1983 kuwa hatarini. Mashamba ya alfalfa ni malisho yake makubwa, kwa sababu panya huonekana pindi majani yanapokatwa. Kwa hiyo wakala anaposema karatasi haimgusi ndege, nadhani hajawahi kusimama pembezoni mwa shamba lako siku ya kukata.

Kuhusu ushauri wa shemeji, nakuomba usiufuate. Ramani ya Idara ya Hifadhi haibadiliki kwa msimu mmoja wa ukame wa makusudi: shamba lililomwagiliwa wakati wowote katika miaka minne kabla ya kuchorwa laweza kuendelea kuitwa ardhi bora. Tena sheria inasema wazi kwamba kilimo kutokuwa na faida hakutoshi peke yake kuwa sababu ya kufuta mkataba, na Bodi yaweza kukuuliza kama hakuna zao jingine linaloweza kukubali pale. Utapoteza mavuno na hutapata hoja.

Jambo ambalo waombaji wengi hulisahau ni kwamba ripoti ya mazingira ikishapitishwa, mkataba bado haujafutwa. Hizo ni kufuli mbili na kila moja ina ufunguo wake. Ripoti ikionyesha athari kubwa isiyoweza kuondolewa, Bodi bado yaweza kuupitisha mradi kwa kueleza kwa maandishi manufaa yanayoizidi athari hiyo. Lakini ili mkataba ufutwe, Bodi lazima pia iridhike na mojawapo ya mambo mawili: ama kwamba kufuta kunapatana na makusudi ya Sheria ya Williamson, ama kwamba ni kwa faida ya umma. Kwa lile la kwanza, ni lazima notisi ya kutohuisha iwe imekwisha kutolewa, mashamba ya jirani yasiwe katika hatari ya kuachwa kulimwa, matumizi mapya yapatane na mpango mkuu, mji usienee kwa kurukaruka, na pasiwepo ardhi nyingine ya karibu isiyo na mkataba ambayo ingefaa, au basi ionekane kwamba kujenga kwako kutaufanya mji ushikamane vizuri zaidi. Kwa lile la pili, haja ya umma lazima izidi kwa mbali lengo la hifadhi, na swali la ardhi nyingine ya karibu linarudi palepale. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Sierra Club dhidi ya mji wa Hayward, ilisema kufuta ni kwa hali zisizo za kawaida, na kwamba njia ya kawaida ya kutoka ni kutohuisha. Bohari katika eneo lenye viwanja vingine tupu vya viwanda itapata taabu kuivuka hoja hiyo.

Sasa fedha. Ada ya kufuta ni asilimia 12.5 ya thamani ya ardhi kama isingekuwa na mkataba, kwa hesabu ya mthamini wa kodi wa kaunti. Kama thamani hiyo ni dola 2,000,000, ada ni dola 250,000. Bodi ikikubali, hutoa kwanza hati ya muda yenye masharti, na ada isipolipwa ndani ya mwaka mmoja baada ya hati kusajiliwa, thamani hupigwa upya. Gharama ya ripoti ya mazingira hubebwa na mwombaji, na kwa maneno ya sheria mwombaji ni mwenye ardhi, yaani wewe, Mama Neema. Maneno ya wakala ya "omba kwanza" yana maana hiyo: jina lako kwenye ombi, na ankara kwako, kabla kampuni haijajifunga kununua. Kama ni lazima uuze, mkataba wa mauzo uandikwe na wakili wako mwenyewe, useme wazi kwamba tathmini, ada na gharama ya kesi vinalipwa na mnunuzi, hata kama Bodi itakataa.

Ukiniuliza ningefanya nini kama ardhi ingekuwa yangu, ningetoa notisi ya kutohuisha ikiwa kweli sitaki kulima mwenyewe, kisha ningelikodisha shamba lile kwa mkulima mwingine kwa miaka tisa. Lakini mimi sijui madeni yaliyo mezani kwako, na uamuzi ni wako.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina ekari 60 za nyanya karibu na Woodland, nami pia niko chini ya mkataba. Nimepata barua kwamba jirani anaomba wake ufutwe ili ajenge nyumba za kuuza. Mimi si raia wa Marekani, nina kibali cha ukaazi tu. Je, naruhusiwa kusema lolote, na kusema kwangu kunasaidia nini?
Mzee wa Nyanya, Woodland

JIBU: Shikamoo, Mzee. Umepata barua kwa sababu sheria inaagiza wenye mikataba walio ndani ya maili moja kutoka mpaka wa shamba linaloombewa wajulishwe kabla ya kikao. Hakuna atakayekuuliza uraia. Kikao ni cha wazi, na maoni ya maandishi juu ya tathmini hupokewa kutoka kwa mtu yeyote.

Sauti yako ina uzito wa pekee, kwa kuwa anayetaka kupatana na makusudi ya sheria lazima aonyeshe kwamba mashamba ya jirani hayataachwa, na hakuna ajuaye habari za shamba lako kuliko wewe. Usiandike kwamba unapinga tu. Andika unapulizia dawa mara ngapi kwa msimu na upepo huelekea wapi, trekta zako hupita barabara ipi alfajiri, kisima chako kina kina gani, na wenye nyumba mpya watalalamikia nini kwanza. Taja pia kiwanja chochote cha karibu kisicho na mkataba ambapo nyumba hizo zingeweza kukaa. Wengine hupendekeza jirani anunue haki za hifadhi za kudumu juu ya shamba jingine, yaani amlipe mwenye shamba hilo ili lisijengwe kamwe, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya kampuni ya Masonite dhidi ya Kaunti ya Mendocino, ilikataa hoja kwamba njia hiyo haiwezi kupunguza athari. Ni kweli inaokoa shamba la mbali, lakini ekari iliyofunikwa kwa lami jirani nawe hairudi, na unayo haki ya kuliandika hilo pia.

Andika mapema, kabla muda wa maoni haujafungwa, kwa sababu hoja ambayo hakuna aliyeitoa kabla ya uamuzi kwa kawaida haisikilizwi mahakamani baadaye. Ushindi wenyewe hauna hakika: mwaka huohuo wa 2013 mahakama iliikubalia Kaunti ya San Benito kufuta mikataba katika Bonde la Panoche ili kupisha mitambo ya umeme wa jua, ikiona faida ya umma ilikuwa kubwa. Nyumba za kuuza zitapaswa kujieleza kwa namna nyingine.

Ukifikia kutaka kushtaki, angalia tarehe mbili. Kesi juu ya tathmini ya mazingira hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu kaunti isajili tangazo la uamuzi wake, na kesi juu ya kufutwa kwa mkataba ndani ya siku 180 tangu Bodi ilipoamua. Watu wengi huzihesabu zile 180 wakasahau zile 30. Kwa hiyo wiki hii peleka barua kwa karani wa kaunti, uombe kwa maandishi utumiwe kila tangazo la mradi huo, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa siku waliyoipokea.