Maswali na Majibu: Meli Ndogo za Japani za Kutega Mabomu Baharini

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji kuhusu meli za aina ya Hirashima, zilizotumiwa na Jeshi la Majini la Japani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Zilikuwa na ukubwa gani, na ziliundwa ngapi?

Ziliundwa 9, na ya kwanza, Hirashima yenyewe, ilikamilika mwaka 1940. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 720 hivi, urefu wa mita 74 hivi na injini za dizeli zilizoipa mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa. Ilibeba mabomu 120 ya kutega.

Bomu lilikaaje mahali pake bila kuchukuliwa na mkondo?

Bomu lilikaa juu ya kitako kizito cha chuma, na vyote viwili vilisukumwa kwenye reli za sitaha hadi shetri, vikaangushwa majini huku meli ikiendelea na safari. Kitako ndicho kilichokuwa nanga. Katika mabomu mengi ya zama hizo, chini ya kitako palining'inia chubwi lenye uzi wa urefu uliopimwa. Bomu lilibaki likielea huku kitako kikizama na kufungua waya wake. Chubwi lilipogusa chini, waya ulikazwa usiendelee kufunguka, nacho kitako kikashuka urefu uleule wa uzi na kulivuta bomu hadi kina kilichokusudiwa, hata kama mabaharia hawakujua kina halisi cha bahari pale. Kwangu mimi, huo ni ufundi wa kustaajabisha kuliko baruti yenyewe.

Juu ya bomu palikuwa na pembe za risasi laini, na ndani ya kila pembe kichupa cha kioo chenye majimaji ya kemikali. Meli ikiipinda pembe, kichupa huvunjika, majimaji huingia katika betri, na umeme unaozalika hulilipua bomu.

Kwa nini meli za kutega mabomu zilipewa kazi ya kusindikiza misafara?

Kwa sababu Japani haikuwa na meli za kutosha za kusindikiza. Iliingia vitani ikitegemea mafuta na malighafi kutoka kusini, lakini kamandi kuu ya kusimamia ulinzi wa misafara iliundwa Novemba 1943 tu, wakati nyambizi za Marekani zilikuwa zimekwisha kuzamisha shehena nyingi. Aina ya Hirashima ilikuwa na mabomu ya kushambulia nyambizi na mzinga mmoja wa milimita 76, hivyo ikaonekana inafaa. Mzinga mmoja, hata hivyo, ni silaha hafifu mbele ya makundi ya ndege, na Takashima ilizamishwa na ndege karibu na Okinawa Oktoba 1944.

Je, ni kweli kwamba nyambizi zilizamisha walinzi hao hao?

Ni kweli. Hirashima ilizamishwa na nyambizi Sawfish tarehe 27 Julai 1943. Yurijima ilizamishwa na Cobia tarehe 14 Januari 1945, karibu na pwani ya Malaya, katika bahari iliyochafuka kiasi kwamba Cobia iliyumba kwa nyuzi tano hata ilipokuwa chini ya maji kwenye kina cha periskopu. Cobia ilipoibuka kushuhudia meli ikizama, ndege ya Japani iliilazimisha kupiga mbizi tena. Kesho yake iliwaokoa Wajapani wawili waliokuwa wameelea juu ya chelezo kwa siku 40.

Mabomu ya kutega yaliwahi kuzizuia nyambizi?

Baadhi, ndiyo. Nyambizi Albacore iligonga bomu karibu na Hokkaido tarehe 7 Novemba 1944 na kupotea na wote waliokuwamo. Mabaki yake yalithibitishwa mwaka 2023. Lakini Juni 1945 nyambizi 9 za Marekani, zikiwa na chombo kipya cha kutambua mabomu kwa mawimbi ya sauti, zilipenya eneo lililotegwa katika mlango wa Tsushima na kuingia Bahari ya Japani. Zilitoka 8, kwa kuwa Bonefish ilizamishwa humo ndani.

Naweza kuiona mojawapo leo?

Hapana. Hata zile chache zilizosalia vita vilipokwisha hazikuhifadhiwa. Anayetaka kuona chochote kinachohusiana na historia yao anaweza kuitembelea Cobia, ambayo ni makumbusho mjini Manitowoc, Wisconsin, nchini Marekani.