Picha yake, usukani wangu

Mwangaluka, wasomaji. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyegezi aliniandikia: "Kaka, nimepata leseni ya urubani, rafiki yangu ana kamera kali, tunataka kupiga picha za ndege za zamani zikiwa angani. Tuanzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kuna ofisi moja hapa mjini imetundika kalenda yenye picha ya namna hiyo. Nikiingia pale huwa nakaa kiti kinachoipa mgongo.

Ni picha ya Tiger Moth, ndege ya mbawa mbili iliyoruka mara ya kwanza 1931. Mwaka huohuo Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walianzisha safari za London hadi Mwanza, tena barua ndizo zilizofika mpaka huku. Mwenye ndege, mzee wa kizungu aliyekuwa akipita, alikuwa na habari hizo kichwani, akang'ang'ania picha ipigwe juu ya ziwa, Jiwe la Bismarck lionekane chini. Mimi nikaazima Cessna 172, ndege ndogo ya kumbeba mpiga picha.

Tuliruka saa moja na robo asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado umelala. Tukaelekea kusini, jua likiwa kushoto kwetu, mpiga picha kulia, dirisha lake tumelitoa kizuizi ili upepo wenyewe ulishikilie juu. Tiger Moth ilijikongoja kwa kasi ya noti 65 hivi, kama kilomita 120 kwa saa. Ukiipeleka Cessna polepole kiasi hicho inainua pua, na usukani unalegea kama kijiko kwenye uji.

Sasa rubani hukaa kushoto, na uhondo wote uko kulia. Nikavumilia, nikavumilia, halafu nikageuza shingo nione. Mkono ukafuata macho. Sikuhisi kitu mpaka mpiga picha alipopiga kelele, na nilipotazama, ubawa wa njano ulikuwa mkubwa kiasi cha kuona mishono ya kitambaa chake. Mzee akazama chini kulia na kupotea.

Alirudi. Redio hakuwa nayo, akanipungia tu mkono, tukarudia. Safari hii nilikodolea macho upeo wa ziwa kama mtu aliyegombana na jirani. Tulipotua aliniambia, "Kapteni, kazi yako ni kuwa reli. Mimi ndiye treni." Miaka imepita, sijapata somo zuri kuliko hilo.

Kwa hiyo, kijana, kuwa reli. Mkubaliane chini kabla ya kuwasha injini: nani anaongoza, nani anamfuata mwenzake, asiyemwona mwenzake anakimbilia upande gani. Mnara wa kuongozea ndege nao wajue mapema. Kuruka pamoja bila marubani kupatana kabla ni kosa, hata kama anga yote ni yenu. Kamera ifungwe kamba. Usithubutu kushika usukani na kamera pamoja, hilo silijadili. Na rafiki yako apunguze kasi ya shata, kile kifuniko cha kamera kinachofunguka na kujifunga, iwe 1/125 ya sekunde au polepole zaidi, maana propela ikiganda kwenye picha ndege inaonekana imezimika na inaanguka. Picha zetu za mzunguko wa kwanza zote zilikuwa hivyo, lakini hilo halikuandikwa popote.

Kilichoandikwa kwenye kalenda ni jina la mpiga picha na jina la mwenye ndege. Basi. Nilimpigia simu mpiga picha, akaniambia, "Bro, wewe si uliendesha tu?"

Niliendesha tu! Vijana, tujiheshimu. Mvuvi wa Igombe hatoi mtumbwi wake bila kuelewana, sembuse sisi tunaobeba roho za watu. Andikianeni: mafuta nani analipa, picha ngapi ni zako, jina lako linakaa wapi. Uungwana wa mdomo nimeshaujaribu.

Jumamosi nipo uwanjani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na huyo rafiki yako, aje na kamera, wewe njoo na kalamu.